Kupe wa mbwa hawaishi? Anza na dalili unayoiona, alafu tafuta wanapotokea

Kama jana jioni umemtoa mbwa wako kupe thelathini, ukamuogesha na dawa, alafu leo asubuhi ukimpapasa masikio unakuta wengine kumi washajishika, basi najua unavyojisikia kwasababu nimepitia hapo hapo. Mimi nilikuwa nakazana na mbwa tu. Natoa, naogesha, natoa tena, mpaka yule mbwa akawa akiniona na beseni anajikunja pembeni. Siku moja usiku nikaenda kumuangalia na tochi, nikamulika ukuta nyuma ya pale anapolala, nikaona kama vifungo vidogo vya kijivu vinapanda taratibu. Kupe walioshiba. Mmoja alikuwa ameingia nusu kwenye tundu la msumari, miguu ya nyuma ipo nje inachezacheza. Nikamulika juu zaidi, kwenye kona ya ukuta na dari, walikuwepo wengine kibao. Hapo ndo nikaelewa kwamba miezi yote ile nilikuwa nafagia maji wakati bomba liko wazi.

Kwahiyo kabla hujanunua dawa nyingine soma dalili yako hapa, maana kila moja ina chanzo chake na dawa ya hii sio dawa ya ile.

Unatoa, unaogesha, baada ya siku mbili tatu wapo tena

Hii ndo wengi wanayolalamikia na ndo nitakayokaa nayo sana. Chanzo karibu kila mara ni mahali anapolala mbwa, sio mbwa mwenyewe.

Kupe anayesumbua mbwa majumbani mara nyingi ni yule wa rangi ya kahawia, kitaalamu Rhipicephalus sanguineus. Huyu ana tabia moja mbaya kuliko kupe wengine, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba au kwenye banda bila kuona hata jani moja. Anapanda kwa mbwa mara tatu tu maishani: akiwa mtoto mwenye miguu sita, akiwa wa umri wa kati mwenye miguu nane, na akiwa mkubwa. Kila mara anakunywa damu siku kadhaa, anadondoka, anajificha kwenye ufa, anajivua ngozi, ndo anarudi. Jike akishiba mara ya mwisho anashuka, anatafuta ufa, anataga mayai ambayo yanaweza kufika 4,000 alafu anakufa. Sehemu yenye joto mayai yanaanguliwa ndani ya wiki chache tu. Sasa piga hesabu, wale majike watano walioshiba ukaona wamedondoka wenyewe ukasema afadhali wametoka, hao wamekuachia maelfu ndani ya ukuta.

Na wanajua kusubiri. Kupe mkubwa mwenye njaa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Ndo maana mtu anahamia nyumba iliyokaa tupu miezi mingi na mbwa wake msafi kabisa, wiki moja tu mbwa kajaa.

Cha kufanya ni vitu viwili kwa pamoja, ukifanya kimoja umefanya bure. Mbwa anapata dawa inayodumu (sio ya kuogesha leo ikaisha kesho), na mahali panatibiwa. Kwenye mahali, toa matandiko yote, ya kitambaa fua kwa maji ya moto nyuzi 60 kwenda juu, yaliyochakaa choma moto usiyatupe tu jalalani. Fagia au nyonya vumbi kwenye kona, chini ya makochi, nyuma ya makabati, kwenye fremu za milango, na hilo vumbi lifunge kwenye mfuko ulitoe nje siku hiyo hiyo. Alafu puliza dawa iliyoandikwa kwamba ni ya kupe na ni ya kupuliza majengo, na usihangaike na katikati ya sakafu, kupe hakai hapo. Puliza kwenye nyufa, kwenye kona za juu mpaka dari, nyuma ya picha, chini ya mbao za kitanda cha mbwa. Wakati unapuliza mbwa, paka, kuku na watoto wawe nje mpaka pakauke, na kama una samaki wa tangi ufunike na uzime pampu ya hewa au uwatoe, maana nyingi ya hizi dawa zinaua samaki haraka sana.

Dawa nyingi haziui mayai. Kwahiyo unarudia, na lebo itakwambia baada ya muda gani, kwa kawaida ni wiki mbili au tatu, ili uwawahi walioanguliwa kabla hawajakua. Watu wengi wanapuliza mara moja, wanaona kimya wiki mbili, wanaacha, mwezi wa pili wanarudi kulalamika kwamba dawa feki. Dawa haikuwa feki, mayai yalikuwa hayajaanguliwa. Nyufa zenyewe ziba kwa simenti au chokaa, kazi ya siku moja inayokusaidia miaka. Banda la mbao lenye nyufa nyingi kama unaweza libomoe ujenge lingine lisilo na maficho.

Kitu kingine ambacho watu wanabisha: mbwa akishapewa dawa inayodumu usimhamishe kulala sehemu nyingine. Muache alale pale pale. Kupe wenye njaa wanamfuata yeye, wanapanda, wanauma, wanakufa, yaani mbwa anakuwa ndo mtego wako. Ukimhamisha wale wa kwenye ukuta wanasubiri tu, au wanatafuta mtu. Tegemea miezi mitatu minne mpaka utulie kabisa, na usikate dawa katikati hata kama humuoni kupe hata mmoja.

Unaona vidoti vidogo kama vumbi la kahawia vimekusanyika sehemu moja, vinatembea

Hao ni watoto wa kupe, wametoka kwenye mayai karibuni. Wengi wanadhani ni uchafu au viroboto. Kiroboto anaruka na amebana ubavuni kama karatasi, huyu haruki na ukimkazia macho ana miguu sita. Ukiwaona kwenye mbwa maana yake kuna jike ametaga karibu na hapo, tafuta ndani ya mita chache kutoka anapolala. Kuwatoa kimoja kimoja haiwezekani, chukua gundi ya karatasi ya kunata (selotepu) uwabandue, alafu mbwa apewe dawa siku hiyo hiyo.

Umempa dawa na bado unaona kupe juu ya mbwa

Kwanza uliza, wako hai au wamekufa? Mtoe mmoja, muweke kwenye karatasi nyeupe, mpumulie pumzi ya moto kutoka mdomoni mwako. Aliye hai atachezesha miguu. Aliyekufa amekauka, miguu imejikunja tumboni, rangi imefifia. Ukikuta wamekufa wakiwa bado wameng'ang'ania ngozi dawa inafanya kazi vizuri, wewe kazi yako ni kuwatoa tu.

Kama wako hai, angalia ulitumia aina gani.

Vidonge vya kutafuna (Bravecto, NexGard, Simparica na wenzake) vinafanya kazi kupitia damu. Kupe lazima aume kwanza ndo afe, na inachukua masaa, wakati mwingine siku nzima mpaka mbili. Kwahiyo kumuona kupe mbichi amepanda leo asubuhi sio kosa la kidonge. Kosa linakuwa pale uzito wa mbwa umekisiwa, mbwa wa kilo 28 amepewa cha mbwa wa kilo 20, au amekitapika nyuma ya nyumba hukumuona, au muda umepita. NexGard na Simparica ni za mwezi, Bravecto ni wiki 12, andika tarehe ukutani. Bravecto mpe pamoja na chakula, tumbo tupu linapunguza inavyoingia mwilini. Na kama mbwa wako amewahi kupata degedege mwambie daktari kabla, hizi dawa kwa mbwa wachache zinaleta kutetemeka na degedege.

Dawa ya kudondosha mgongoni, yenye fipronili (kiambato kinachoua kupe) au nyingine: kosa namba moja ni kuidondosha juu ya manyoya. Inatakiwa ugawanye manyoya kati ya mabega, uone ngozi yenyewe, ndo udondoshe hapo. Kosa namba mbili ni kuogesha. Zenye fipronili zinasambaa kwa mafuta ya ngozi, ukimuogesha kwa sabuni jana mafuta yameisha dawa haina njia, ukimuogesha kesho unaisafisha. Acha siku mbili kabla na siku mbili baada.

Kola: ikilegea ikawa inaninginia kama cheni haigusi ngozi na haifanyi kitu. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, basi. Kola ya Seresto inakaa mpaka miezi 8 lakini mbwa anayeogeshwa kwa shampuu kila wiki au anayependa kuogelea hafiki huko. Na kola zipo za kuigiza nyingi sana, zinanukia dawa lakini ndani hamna kitu, kwahiyo nunua kwa mtu mwenye duka la dawa za mifugo unayemuamini.

Dawa ya kuogeshea: hapa makosa ni mengi. Mtu anaweka kwa kukadiria na kifuniko. Mtu anamwagia juu manyoya yanalowa ngozi kavu. Mtu anamaliza anasuuza kwa maji safi, dawa yote imeenda na maji. Mtu amechanganya Jumamosi anatumia iliyobaki Jumamosi ijayo, na amitrazi (kiambato cha baadhi ya dawa za kuogeshea) ikishachanganywa na maji inaharibika, changanya ya siku hiyo tu. Alafu masikio na katikati ya vidole yanaachwa kwasababu mbwa anakataa, na hapo ndo kupe wanapopenda kuliko sehemu zote. Masikio usimimine dawa ndani, lowesha kitambaa ufute upande wa ndani wa sikio na kuzunguka, vidole fungua kimoja kimoja.

Kama umefanya yote sawa sawa na bado wako hai, kuna uwezekano kupe wako wameizoea hiyo dawa. Imethibitishwa kwa kupe wa kahawia kwenye viambato vya permetrini na fipronili. Usiongeze kipimo, badilisha kundi la dawa. Kubadilisha kundi sio kubadilisha jina la kopo, soma kiambato, maana makopo mawili ya rangi tofauti unaweza kukuta ndani ni kitu kile kile.

Baada ya kuweka dawa mbwa amelegea, anatokwa mate, anatetemeka

Hii ni dharura, acha kusoma mkimbize kwa daktari wa mifugo na kopo la dawa mkononi, kopo ni muhimu kuliko maelezo yako.

Kutokwa mate sana, kutapika, misuli kurukaruka na mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya kalamu inaelekea kwenye dawa ya mazao shambani, zile ambazo mtu anakwambia weka kidogo tu kupe wote watakufa. Kweli watakufa, na mbwa pia. Kulegea, usingizi mzito, mwili kuwa wa baridi na moyo kwenda taratibu inaelekea kwenye amitrazi iliyozidi au aliyojilamba, na daktari anayo dawa ya kuizima ukiwahi. Wakati mnatafuta usafiri muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike, usimlazimishe kunywa maziwa au mafuta.

Watoto wa mbwa ndo wanakufa sana kwa hili. Lebo ina umri na uzito wa chini, na ikisema wiki 8 sio wiki 6. Kwa wale wachanga kabisa kibanio na mikono yako ndo dawa salama, tibu mama yao kwa kitu kinachoruhusiwa kwa anayenyonyesha na tibu banda.

Na ukiwa na paka nyumbani, dawa ya mbwa yenye permetrini usimguse nayo, wala wasilale pamoja mpaka ikauke kabisa. Paka hana uwezo wa kuivunja mwilini, anaanza kutetemeka na anaweza kufa siku hiyo.

Ivermektini ya sindano ya ng'ombe nayo naiona inatumika sana. Kupe haiwamalizi vizuri, na kuna mbwa, hasa wa jamii ya Collie na machotara wao, wenye jeni ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Mafuta ya taa na oili chafu yanaunguza ngozi, na mbwa akijilamba yanaingia tumboni, mengine yanaingia mpaka kwenye mapafu. Kitunguu saumu kwenye chakula kinaharibu chembe nyekundu za damu, na kupe hawajali.

Umemtoa kupe, pamebaki uvimbe au kidoti cheusi

Uvimbe mdogo mgumu kama punje ya dengu ni kawaida, ni ngozi inapambana na mate ya kupe, unaweza kukaa wiki mbili hata tatu ukapungua wenyewe. Kidoti cheusi ni kipande cha mdomo kimekatikia ndani. Usichimbe na sindano, ndo unaleta usaha. Osha kwa maji na sabuni, paka dawa ya vidonda, ngozi itakisukuma nje. Ukiona panakua, panatoa usaha au mbwa hataki uguse, peleka.

Kinakatika kwasababu umevuta tumbo. Tumia kibanio chenye ncha nyembamba, gawanya manyoya, shika kupe pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, vuta moja kwa moja juu taratibu bila kushtua, unasikia kabisa anaachia. Ukiwa na kile kijindoano maalumu unakizungusha, hicho kimetengenezwa hivyo. Usimchome na moto wala kumpaka mafuta asubiri kukosa pumzi, kupe anapumua taratibu sana atakaa masaa na wakati huo anaweza kuwa anarudisha mate kwenye jeraha. Usimpasue kwa kucha pia, damu yake inaweza kuwa na magonjwa. Vaa glavu, mdumbukize kwenye spiriti.

Na kabla hujavuta hakikisha ni kupe. Nimeshaona mtu anavuta chuchu ya mbwa dume akidhani kupe, mbwa analia kweli kweli. Dume nao wana chuchu, zimepangwa mistari miwili tumboni. Tafuta miguu, kama hakuna miguu sio kupe.

Kupe hawaonekani, ila mbwa hayuko sawa

Hapa naomba usome polepole. Ugonjwa hauji siku kupe anaponing'inia, unaweza kuja wiki moja mpaka tatu baadaye wakati umeshasahau. Mbwa hana kupe hata mmoja, umefurahi, kumbe ameshaambukizwa.

Amekataa chakula, amelala kona, pua ya moto? Pua isikudanganye, tumia kipimajoto kwenye tundu la haja kubwa. Kawaida ya mbwa ni nyuzi 38 mpaka 39.2 hivi. Ikivuka 39.5 akiwa ametulia kivulini, hiyo ni homa. Alafu inua mdomo wa juu uangalie fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi, ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe na rangi inarudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. (Mbwa wenye fizi nyeusi funua kope ya chini uangalie ndani.)

Fizi nyeupe au za manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au wekundu, anapumua haraka, hiyo fikiria babesia. Ni vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Inaweza kumuua mbwa mwenye nguvu ndani ya siku chache, kwahiyo usisubiri kesho asubuhi. Daktari akichukua tone la damu akaweka kwenye darubini mara nyingi anaviona pale pale, na dawa yake ni maalumu, antibayotiki za kawaida ulizonazo ndani haziisaidii.

Damu puani, vidoti vyekundu au vya zambarau kwenye ngozi ya tumbo au fizi, tezi za shingo zimevimba, anakonda: hiyo inaelekea kwenye erlikia, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe. Hii inaharibu chembe zinazogandisha damu. Ubaya wake inajificha. Mbwa anaumwa wiki mbili mpaka nne, anapata nafuu yenyewe, unasema kapona, anakaa miezi au miaka, alafu inarudi kwenye hatua ambayo uboho wa mifupa umeshachoka. Mbwa anaweza kuwa nazo zote mbili kwa pamoja kwasababu kupe mmoja anabeba zaidi ya kitu kimoja, kwahiyo omba apimwe zote.

Miguu ya nyuma imelegea ghafla, sauti imebadilika, ndani ya siku moja na miguu ya mbele inafuata: kuna kupe wenye sumu ya kupoozesha, wa Australia na Marekani Kaskazini wanajulikana sana kwa hilo. Mpekue mwili mzima hata chini ya mkia na ndani ya midomo, mtoe, na uwe njiani kwenda kwa daktari wakati huo huo maana kupooza kukifika kifuani hawezi kupumua.

Ametibiwa, kachangamka, baada ya muda kaanza tena

Uliza dawa ilitolewa siku ngapi. Erlikia inatibiwa kwa doksisaiklini kwa siku 28 hivi, na mbwa wengi wanachangamka ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Hapo ndo mwenye mbwa anaacha, anaona anakula, anakimbia, vidonge vilivyobaki anaweka akiba. Malizia zote. Wiki kadhaa baada ya kumaliza rudi apimwe chembe za kugandisha damu kama zimepanda, usitegemee kipimo cha kingamwili (kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya ugonjwa) peke yake kwasababu hicho kinaweza kuendelea kuonyesha anao kwa miezi mingi hata akiwa amepona.

Na kama dawa ilimaliza siku zote na damu ilikuwa nzuri ila amerudia, basi huenda ameng'atwa na kupe upya. Chukua tochi usiku, zima taa, nenda pale anapolala uanze na ukuta wa nyuma yake.